Kirusi Kinavyozaliana Ndani ya Seli: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Maswali haya nimeyaokota sehemu tatu: darasani ninakofundisha biolojia, kwenye mabenchi ya kliniki, na kwenye steji za boda boda, ambako wakishajua wewe ni mwalimu wa sayansi hawakuachi uondoke. Nimejitahidi kuyaacha yalivyoulizwa. Jibu likikurudisha kwenye swali lililotangulia, rudi, sitarudia maelezo.

## Ya mwanzo kabisa

1. Kirusi ni nini hasa? Ni mdudu?

Wengi hapa Uganda husema "kidudu". Si kosa kubwa, ila neno hilo humfanya mtu afikirie kitu kinachotambaa na kula. Kirusi hakifanyi lolote kati ya hayo. Ni maagizo tu, yaani uzi wa DNA au wa RNA, uliofungwa ndani ya ganda la protini. Baadhi ya virusi, kama VVU, Ebola na mafua, huvaa pia joho la mafuta juu ya ganda hilo. Basi. Hakina mdomo, hakipumui, hakijitengenezei nguvu.

Mfano ninaoupenda ni Nasser Road, ile barabara ya Kampala iliyojaa wachapishaji. Mtu anafika pale na karatasi moja mfukoni. Hana mashine, hana wino, hana umeme. Anaondoka na nakala elfu. Kirusi ndiye mtu huyo, na seli yako ndiyo duka. Mfano una kasoro moja: mteja wa Nasser Road hulipa.

2. Kina tofauti gani na bakteria?

Bakteria ni seli kamili, yenye mashine zake. Ipe chakula na joto, itajigawa mara mbili, kisha nne, kisha nane, bila kumwomba mtu. Kirusi hakigawanyiki kamwe (tazama swali la 6). Kwa ukubwa pia havilingani: VVU kina upana wa nanomita 120 hivi, kwa hiyo vinahitajika zaidi ya 8,000 vikikaa mstari mmoja kujaza milimita moja. Darubini ya maabara ya shule haikioni hata ukikodoa vipi.

3. Sasa kiko hai au hakiko hai?

Wanafunzi wa Senior Three hupigania swali hili mpaka kengele inalia. Nje ya seli, kirusi ni kama mbegu iliyokauka, tena mbegu angalau ina chakula chake ndani. Ndani ya seli kina uzao, kinabadilika, kinashindana. Ukitaka jibu la mtihani, andika kwamba kina sifa za pande zote mbili. Ukitaka langu: kilicho hai ni seli iliyoambukizwa, na kirusi ni barua inayoisumbua.

4. Kwa nini maabara haziwezi kukiotesha kwenye sahani kama bakteria?

Kwa sababu sahani ya virutubisho ni chakula, na kirusi hakitafuti chakula, kinatafuta mashine. Lazima kipewe seli hai.

Historia ya Entebbe inalionyesha hili vizuri. Taasisi ya utafiti wa virusi iliyoko pale ilianza mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Aprili 1947 watafiti walikuwa wameweka kima aina ya rhesus ndani ya vizimba katika msitu wa Zika, ng'ambo kidogo ya mji, wakisubiri mbu wawaume. Kima mmoja akapata homa. Damu yake haikupelekwa kwenye sahani; majimaji yake yalidungwa kwenye ubongo wa panya wadogo wa maabara, na panya wakaugua. Ndivyo kirusi cha Zika kilivyopatikana, na jina la msitu ule sasa linajulikana dunia nzima. Panya walikuwa ndio sahani. Mwaka 1949 huko Marekani ilionyeshwa kwamba kirusi cha polio kinaweza kukuzwa kwenye seli zilizotengwa ndani ya chupa, na tangu hapo panya wamepumzika kiasi.

## Ndani ya seli, hatua kwa hatua

5. Kinaingiaje? Seli haina ukuta?

Seli ya mnyama ina utando, na juu ya utando kumejaa protini zinazotumiwa na mwili kwa shughuli zake: kupokea homoni, kuingiza chumvi, kutambuana. Kirusi kina protini ya nje inayokaa sawasawa na mojawapo ya hizo, kama ufunguo na kufuli. Kufuli hilo tunaliita kipokezi. Halikuwekwa kwa ajili ya kirusi; kirusi ndicho kilichojifunza kulitumia.

Baada ya kushikana kuna njia mbili kubwa. VVU hushika kipokezi kiitwacho CD4, kisha kipokezi cha pili, halafu joho lake la mafuta linaungana na utando wa seli na yaliyomo yanamwagika ndani. Ebola hufanya ujanja wa kuudhi zaidi. Husubiri seli yenyewe ikimeze, kikiwa ndani ya kifuko. Vimeng'enya vya seli, ambavyo kazi yake ni kusaga uchafu, vinakata protini ya nje ya kirusi, na kumbe ukataji huo ndio unaofichua ufunguo halisi. Ufunguo unashika protini iitwayo NPC1 iliyo ndani ya kifuko, mlango unafunguka. Seli imejitahidi kukisaga, na kwa kukisaga imekifungulia.

6. Kikishaingia, nini kinatokea?

Kinavuliwa ganda, na maagizo yanabaki wazi. Mashine za seli ziitwazo ribosomu, ambazo kutwa nzima husoma RNA na kutengeneza protini, haziulizi RNA hii imetoka kwa nani. Zinasoma.

Virusi hutofautiana hapa kulingana na aina ya maagizo. RNA ya polio inasomeka moja kwa moja, kama karatasi iliyochapwa vizuri. RNA ya Ebola imeandikwa kinyume, kama maandishi uyaonayo kwenye kioo. Ribosomu haiwezi kuisoma. Na seli zetu hazina kimeng'enya cha kunakili RNA yote hiyo kutoka kwenye RNA. Kwa hiyo Ebola husafiri na kimeng'enya chake mwenyewe ndani ya ganda, na kazi ya kwanza ni kugeuza maandishi. Mafua nayo huja na chake, ila kazi hiyo huifanyia ndani ya kiini cha seli. Virusi vingi vya DNA pia huenda kwenye kiini, kwa kuwa huko ndiko vifaa vya DNA vilipo.

Kisha huja hatua ambayo vitabu vingi vya shule huipita haraka, na mimi naiona ndiyo kiini cha somo lote. Kirusi hakikui, hakinenepi, hakijigawi. Kinavunjwa kabisa, halafu vipuri vinatengenezwa mbali mbali: maganda huku, nakala za maagizo kule, protini za joho kwingine. Mwishoni vinaunganishwa, mara nyingi vikijikusanya vyenyewe. Ndiyo maana kuna saa kadhaa ambapo ukiipasua seli iliyoambukizwa hukuti kirusi hata kimoja kizima. Kilichoingia hakipo tena, na vitakavyotoka bado ni vipuri.

7. Inachukua muda gani, na vinatoka vingapi?

Polio humaliza mzunguko wake kwa saa sita hadi nane hivi. VVU huchukua siku moja hadi mbili. Kwa idadi, mtu mwenye VVU asiyetumia dawa anakadiriwa kutengeneza virusi takriban bilioni 10 kila siku. Wengi wakisikia hivyo hunyamaza kwanza, kisha wanauliza kwa nini hafi kesho yake. Jibu ni kwamba mwili nao unaviteketeza kwa kasi inayokaribiana na hiyo. Ni mvutano wa kamba unaoweza kudumu miaka.

Usichanganye muda huu na siku za kusubiri dalili. Ebola huchukua siku 2 hadi 21 kabla ya mtu kuugua, kwa sababu mizunguko mingi lazima ipite kabla mwili haujalemewa.

8. Vinatokaje? Lazima seli ipasuke?

Si lazima. Virusi visivyo na joho, kama polio, mara nyingi huipasua seli na kumwagika. Vyenye joho huchipuka: vinasukuma utando wa seli kutoka ndani, vinajifunika kipande chake na kuondoka nacho. Joho la VVU ni utando wako mwenyewe, uliopachikwa protini za kigeni. Seli inaweza kuendelea kuishi kwa muda ikivitoa, ingawa wengi wa wenye maduka hawa huishia kufilisika.

9. Kwa nini hiki hushika ini na kile hushika neva?

Kufuli. Kirusi cha homa ya ini B hutumia kipokezi kilicho kwenye seli za ini, kilichogunduliwa mwaka 2012. Kirusi cha kichaa cha mbwa huingia kwenye neva karibu na jeraha na kusafiri ndani yake kuelekea ubongoni. Safari hiyo huchukua siku hata miezi, na hiyo ndiyo nafasi ya kukiwahi. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

10. Homa na maumivu ya mwili vinaletwa na kirusi chenyewe?

Kwa sehemu kubwa vinaletwa na wewe. Seli ikigundua RNA ya ajabu ndani yake hutoa protini ziitwazo interferoni, zilizoelezwa mara ya kwanza mwaka 1957, zinazowaamsha majirani: fungeni mashine, punguzeni utengenezaji wa protini. Majirani wanakuwa maduka yaliyofungwa. Joto, uchovu na viungo kuuma ni gharama ya kelele hiyo. Ndiyo maana mafua, UVIKO-19 na dengi huanza kwa kufanana, na ndiyo maana huwezi kujitambulia ugonjwa kwa kuhisi tu. Malaria nayo, ambayo si kirusi, huanza hivyo hivyo, pima kwanza.

## VVU, maana nusu ya maswali ni yake

11. Kipimo kinasema virusi havionekani. Mbona bado namezeshwa dawa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu refu.

VVU ni kirusi cha RNA chenye kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, kinyume cha desturi ya seli. DNA hiyo huingia kwenye kiini, na kimeng'enya cha pili hukata DNA yako na kuipachika humo. Rudi Nasser Road: mteja huyu hakuleta karatasi tu. Ameandika maneno yake ndani ya daftari la mwenye duka, kwa mwandiko wa mwenye duka.

Seli nyingi zilizopachikwa hivyo hutoa virusi na kufa baada ya muda mfupi. Chache hulala. Ni seli za kumbukumbu za kinga, ambazo kwa asili yake huishi miaka mingi zikisubiri. Seli iliyolala hainakili kitu. Na dawa zetu zinazuia hatua za kunakili na kujenga: tenofovir na lamivudine huharibu ule ugeuzaji wa RNA kuwa DNA, dolutegravir huzuia upachikaji. Kama hakuna kinachonakiliwa, dawa haina cha kushika. Kipimo kinahesabu virusi vilivyo kwenye damu, hakihesabu madaftari yaliyofungwa kabatini. Ukiacha dawa, seli moja ikiamka inatosha. Kwa watu walio wengi virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Jambo jema ni hili, na halisemwi vya kutosha kwa Kiswahili: ukimeza dawa vizuri na virusi vikabaki havionekani kipimoni, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana.

12. Nikiruka dozi siku mbili tatu kuna ubaya gani?

Kile kimeng'enya cha kugeuza RNA ni mwandishi mzembe. Hukosea herufi mara kwa mara na hakirudi kusahihisha. Makosa mengi humuua kirusi mchanga, lakini kwa idadi za swali la 7, kosa moja litakalomwezesha kuikwepa dawa litatokea tu. Dawa ikiwa tele kwenye damu, hata huyo mkwepaji hapati nafasi ya kunakiliwa. Dawa ikipungua anapata. Ndiyo sababu hutolewa dawa tatu kwa pamoja: kuzikwepa zote kunahitaji makosa kadhaa yafaayo kwa wakati mmoja.

13. Mbona dawa ya dharura, ile ya mtu anayehofia ameambukizwa VVU, ni ndani ya saa 72?

Kwa sababu inawahi upachikaji. Seli za kwanza kuambukizwa zikiwa chache, na kabla madaftari hayajaandikwa, dawa zikitumiwa siku 28 zinaweza kuufunga mlango. Saa 72 ni mwisho, si lengo. Saa ya pili ni bora kuliko ya sabini.

Wazo hilo hilo la kuwahi lilithibitishwa Kampala, hospitali ya Mulago. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapine, dawa ya VVU, kwa mama wakati wa uchungu na moja kwa mtoto ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Leo tuna njia bora zaidi, lakini ile iliokoa watoto wakati hapakuwa na kingine cha bei ile.

14. Mbu anaweza kunipa VVU?

Hapana, na sababu ni swali la 5. Seli za mbu hazina CD4. VVU vikifika tumboni mwake havina mlango, vinasagwa na damu nyingine. Mbu naye hakudungi damu ya mtu aliyetangulia, anakudunga mate yake. Virusi vya homa ya manjano na Zika ni habari nyingine: vina ufunguo wa seli za mbu, vinazaliana kwenye utumbo wake na baada ya siku kadhaa vinafika kwenye tezi za mate.

## Popo na muhogo

15. Popo wanabeba Marburg. Mbona wao hawafi?

Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, waliugua Marburg, homa kali ya kirusi jamaa wa Ebola, na watafiti wakapata kirusi hai ndani ya popo wala matunda walioishi mgodini humo. Popo hao wanaambukizwa, kirusi kinazaliana ndani ya seli zao, lakini hawaonekani kuugua. Sehemu ya maelezo ni kwamba kinga yao hukizuia kirusi bila kuwasha moto mkubwa wa uvimbe. Kinachomuua mtu mara nyingi ni mwili wake kupoteza breki (swali la 10). Kuwaua popo hakusaidii. Wengine huhamia shimo lililoachwa, na mwuaji ndiye anayeshika damu.

16. Virusi hushambulia mimea pia?

Muulize mkulima yeyote aliyekuwa na shamba la muhogo miaka ya 1990. Batobato kali lilianza kaskazini ya Kampala, upande wa Luwero, mwishoni mwa miaka ya 1980, likaenea wilaya hadi wilaya. Majani yalijikunja na kuwa na madoa ya njano, mizizi ikawa kama vidole. Sehemu nyingine watu waliacha kabisa kupanda muhogo, na njaa ikafuata.

Chanzo chake ni somo zuri kuliko lolote ninalolijua kuhusu seli kuwa duka la pamoja. Virusi viwili tofauti vya batobato, kimoja cha Afrika kwa jumla na kingine cha Afrika Mashariki, viliingia kwenye mmea mmoja, kwenye seli moja. Vyote vikawa vinanakiliwa na mashine zile zile. Wakati wa kunakili, kipande cha maagizo ya ganda la kimoja kikaingia katikati ya maagizo ya kingine, kama kurasa za wateja wawili zinavyochanganywa na mchapishaji mwenye haraka. Mseto huo ndio uliojulikana kama aina ya Uganda. Mbaya zaidi, mmea uliobeba vyote viwili uliugua vibaya kuliko uliobeba kimoja.

Seli ya mmea ina ukuta mgumu, kwa hiyo ufunguo wa swali la 5 hautumiki. Hapa nzi weupe hutoboa na kukiingiza kirusi kwa mdomo, kisha chenyewe hupita seli hadi seli kwenye vijitundu vinavyoziunganisha. Tena kirusi hiki ni cha DNA, na seli ya jani lililokomaa imeshaacha kunakili DNA yake. Hivyo kinailazimisha irudie kazi hiyo. Duka limefungwa, nacho kinamwamsha mwenye duka.

Wakulima walisaidiwa na aina za muhogo ziitwazo NASE kutoka kituo cha utafiti cha Namulonge, zinazovumilia. Lakini ukikata kijiti kwenye shina lenye batobato na kukipanda, umekipanda kirusi kwa mkono wako.

## Dawa, chanjo na sabuni

17. Kwa nini antibiotiki haiponyi mafua?

Antibiotiki hulenga vitu ambavyo bakteria inavyo na wewe huna, kama ukuta wake au ribosomu za umbo lake. Kirusi hakina ukuta huo wala ribosomu, kinatumia zako. Kuzipiga ni kujipiga. Dawa za virusi hutafuta kile kidogo ambacho kirusi kimekuja nacho, kama vimeng'enya vya swali la 11, na ndiyo maana ni chache na kila moja ina ugonjwa wake. Vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kila duka la dawa havina kazi hapo.

18. Chanjo inazuia hatua ipi?

Kwa kiasi kikubwa, ya kwanza. Kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya mgeni, hufunika ufunguo. Kwa hiyo ufunguo ukiwa tofauti, chanjo haitoshi. Mlipuko wa Ebola wa Mubende, Septemba 2022, uliletwa na aina ya Ebola iitwayo kirusi cha Sudan, jamaa yule yule aliyepiga Gulu mwaka 2000 na kuua watu 224. Chanjo iliyokuwa imeidhinishwa ilikuwa na protini ya aina nyingine, kirusi cha Zaire. Mlipuko mwingine wa Sudan ulipotangazwa Kampala mwisho wa Januari 2025, majaribio ya chanjo inayomlenga yeye yalianza siku nne baadaye.

19. Mwalimu, ulisema VVU ni RNA na inaingia kwenye DNA. Basi chanjo za RNA za UVIKO-19 nazo si zinaingia?

Swali zuri, na aliyeniuliza alikuwa kijana wa boda boda. RNA peke yake haiingii kwenye DNA. VVU huweza kwa sababu kinasafiri na vimeng'enya viwili vya kazi hiyo na njia ya kufika kwenye kiini. Chanjo haina kimoja kati ya hivyo. RNA yake husomwa na ribosomu nje ya kiini, inatoa protini ya ufunguo tu, kisha seli inaivunja, kama inavyovunja RNA zake zote.

20. Sabuni inaua virusi vyote?

Vyenye joho la mafuta huvunjwa na sabuni na hata kileo, na kirusi bila joho lake kimepoteza funguo. Vya kuharisha, kama noro, havina joho. Kileo hakivisumbui sana, na hapo sabuni husaidia zaidi kwa kuving'oa mkononi vikaondoka na maji. Kopo la maji yanayotiririka hushinda beseni la pamoja.

## Ya pembeni

21. Niliugua tetekuwanga utotoni. Mkanda wa jeshi umetoka wapi uzeeni?

Ni kirusi kile kile. Kilijificha kwenye mizizi ya neva kikiwa DNA tu, bila kupachikwa kwenye yako kama VVU, kikatulia miongo. Kinga ikipungua kwa uzee au ugonjwa, kinanakiliwa tena na kushuka kufuata neva moja, ndiyo maana vipele hukaa upande mmoja kama mkanda. Kijana akiupata, ni busara apime VVU.

22. Kuna kirusi kilichowahi kuingia na kisitoke kamwe?

Kipo, tena kila mtu anacho. Takriban asilimia 8 ya DNA ya binadamu ni mabaki ya virusi vya jamii ya VVU vilivyojipachika kwenye mayai au mbegu za mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Mabaki mengi ni bubu. Lakini kipande kimoja, ambacho zamani kilikuwa protini ya joho ya kuunganisha kirusi na seli, leo kinatumika kuunganisha seli za kondo la nyuma, pale mtoto anapopokea chakula kutoka kwa mama.